Mpimaji Aliyefunika Mdomo

Tulikuwa bado ndani ya gari, kwenye maegesho ya chini ya kliniki moja ya masikio hapa Bawshar, Uarabuni, mwanangu alipozima injini akasema, "Baba, leo mpakate wewe. Mie mkono utanitetemeka."

Mjukuu wangu Shamsa, miaka mitatu na nusu, alikuwa kiti cha nyuma akichezea mrija wa kifaa kilichoning'inia sikioni mwake. Nilijua mwanangu anaomba nini. Siku tatu tulikuwa tumemfundisha mtoto juu ya busati la sebuleni: nikimfinya goti, atie kipande cha mbao kikapuni. Mke wangu alituona akauliza, "Mnamfundisha nini mtoto?" Tukamjibu ni mchezo. Pale ndani ya gari ningaliweza kusema hapana, na mwanangu asingalinibishia, kwani hajawahi kunibishia. Nilisema, "Yallah, tushuke."

Shamsa alizaliwa na usikivu mdogo sana. Alikuwa amevishwa vifaa vya kusikia miezi kadhaa, na siku ile walitaka kujua kama vinamfaa. Vikionekana havimfai, daktari angetuandikia upasuaji wa kumpandikizia kifaa kingine ndani ya kichwa. Mwanangu hakutaka mtoto wake afunguliwe kichwa. Mimi sikutaka mjukuu wangu ashindwe mbele ya mgeni.

Mgeni huyo ndiye ninayetaka kumwelezea hapa. Jina lake nalijua, lakini nyumbani kwetu hatukulitumia. Tulimwita Mpimaji.

Alikuwa Mkenya wa bara, mwanamke mfupi, mwenye kicheko kilichosikika hadi kwenye lifti. Chumba chake kilivikwa zulia mpaka kwenye kuta. Ukiingia na mlango ukafungwa, unasikia damu yako mwenyewe ikipita masikioni. Mlangoni aliweka bakuli. Wanawake walitia humo bangili zao, wanaume funguo. Viatu alivua, na soksi zake mara nyingi hazikuwa pea moja. Siku ya kwanza aliutazama mkono wangu.

"Mzee wangu, hiyo tasbihi inaongea. Iweke kwa mfuko kidogo."

"Hii haiongei, inamtaja Mola."

"Amina. Lakini mtoto atadhani ni mimi."

Nikacheka, nikaitia mfukoni. Tangu siku hiyo kila nikiingia mle mkono wangu ulikuwa mtupu.

Mashine alikuwa nazo, zenye taa na waya, lakini hazikuwa silaha yake. Silaha yake ilikuwa fremu ya mviringo, ile ile wanawake wanayobania kitambaa wakidarizi, nayo ilibanwa kitambaa cheusi chepesi. Mtoto anakaa na vipande vya mbao mapajani na kikapu mbele yake. Mpimaji anasimama nyuma yake hatua moja, anaifunika midomo kwa fremu, anatoa sauti moja, ananyamaza, anatoa nyingine: mmm, uuu, aaa, iii, shhh, sss. Mtoto akisikia, anatia kipande kikapuni. Asiposikia, hatii. Kumbe ni hivyo tu, nilifikiri, kazi ya kwendea chuo.

Nilimuuliza kwa nini hazibi mdomo kwa kiganja akaachana na fremu.

"Ziba wako," akaniambia. "Sasa sema sss."

Nikasema.

"Umesikia vile imekufa? Hizo nzito, mmm na uuu, zinapita hata kwa mkono. Sss ni nyembamba, haivumilii kitu. Na mtoto asiyepata sss na shhh anapata maneno yaliyotoboka. Shamsa ukimwita, sasa hivi anapata nini? Ama. Jina lake nusu nzima ni mtihani wangu."

Alikuwa na maneno aliyoyarudia kwa kila familia, kwa sauti ile ile. "Mashine inaniambia sikio lina nini. Hizi sauti zinaniambia mtoto anapata nini." Na jingine: "Msimsaidie. Akikosa hapa, hajakosa yeye, kimekosa kifaa." Hilo la pili alilisema akiwatazama wazee, kwa sababu kwetu sisi mtoto haendi kwa daktari na mama yake tu. Huja bibi, shangazi na jirani, na kila mmoja anamtilia mtoto jibu mdomoni.

Kazi hii aliisomea China. Huko aliwapima watoto wa Kichina waliovaa vifaa kama vya Shamsa, na mwanzoni, alivyosimulia, wazazi walimkodolea macho: mwanamke wa Kiafrika ndiye atakayewatolea watoto wao sauti za Kimandarini? Akajifungia na simu yake akijirekodi na kujisikiliza wiki baada ya wiki. Siku moja alitutolea sauti tatu, moja ulimi umelala, moja umekunjwa, moja umegusa meno. Kwangu zote zilikuwa mvuke wa birika. "Mtoto wa huko zikimchanganyikia hizi tatu," akasema, "maneno mengi yamekwenda." Kisha akatoa aaa mara nne: moja imelala, moja inapanda, moja inazama na kurudi, moja inaanguka. Akasema huko hayo ni maneno manne. Alichorudi nacho ni hiki: mtoto apimwe kwa sauti anazozikuta nyumbani kwao, si za jirani.

Ndiyo maana alikuja kwetu siku za Ijumaa. Watoto wa nyumba zetu wanakua na Kiswahili cha Unguja kikichanganyika na Kiarabu, na zile kh na gh zetu zilimsumbua. Mke wangu alimfundisha jikoni, huku wakimenya vitunguu.

"Sema kheri."

"Heri."

"Hiyo umeipumulia tu, mwanangu. Kheri."

"Mama, nikitoa hiyo nasikia kama nataka kutema."

"Basi usiteme kwenye chungu changu. Isimamishe hapo hapo kooni."

Ilimchukua muda kuipata. Aliipata akiwa amejaza mdomo sambusa, akacheka mpaka machozi. Siku ile ile, tukiwa tumekaa na chai ya maziwa, alitusimulia kisa cha bibi mmoja wa China aliyempakata mjukuu wake wakati wa kipimo. Mtoto alipata sauti zote. Mpimaji akashangaa, kwa sababu hata mlango ukigongwa mtoto yule hageuki. Akazunguka mbele, akakuta bibi anambonyeza mguu. Tulicheka sote. Yeye aliigiza uso wa bibi yule, umenyooka kama wa hakimu. "Toka siku hiyo," akasema, "mtoto anakaa peke yake kwa kiti kidogo. Mtu mzima anakaa nyuma ya kioo. Hata akiwa nani."

Mwanangu alikuwepo. Alicheka pia, lakini nilimwona anaacha kucheka kabla yetu.

Mpimaji alikuwa na mambo yasiyolingana. Chumbani mwake hata kikohozi kilikuwa kosa, lakini kwenye simu na watu wa kwao alipiga kelele kana kwamba hana haja ya simu. Wenzake walisema kila mwaka husema huu ndio wa mwisho, anarudi kwao, na kila mwaka hununua sufuria mpya. Alikuwa Mkristo wa kwenda kanisani kila wiki, na katika Ramadhani hakugusa maji mbele yetu hata tukimsihi. Kuna wakati nilimkuta Mawaleh, kwenye soko la matunda, amesimama katikati ya wauzaji na kidaftari, hanunui kitu. Wauzaji walikuwa wananadi matikiti kwa lugha nne.

"Mama huyu ana nini?" muuzaji mmoja akaniuliza. "Toka asubuhi anatusikiliza kama polisi."

Alikuwa anaandika ni sauti gani zinazofika masikioni katikati ya kelele na ni zipi zinazopotea. "Chumbani kwangu kuna amani ya uongo, Mzee," akaniambia. "Mtoto haishi kwa zulia." Kisha akanunua maembe, akataka pilipili na chumvi, akala moja pale pale, maji yanamtiririka kwenye viwiko.

Kubwa kuliko yote katika mambo hayo ni kwamba alikuwa mkali kwa kila mtu isipokuwa wazee. Hata daktari mkuu, yeye alimjibu usoni. Mzee wa umri wangu akimkunjia uso, aliinamisha macho. Aliwahi kusema alilelewa na babu yake, na huyo babu hakuambiwa hapana ndani ya nyumba ile. Mimi nililiona hilo nikaliweka akilini, kama mtu anavyoona mlango ambao haufungwi vizuri.

Kwa hiyo siku ile tulipopanda kutoka kwenye maegesho, nilijua la kufanya. Kiti kidogo kilikuwa tayari katikati ya chumba. Shamsa alipowekwa, alianza kulia, kwa sababu kwa siku tatu tulimzoesha mapaja yangu. Mpimaji akapiga magoti, akamwonyesha vipande vya mbao. Shamsa akalia zaidi.

"Mtoto hataki kukaa peke yake," nikasema.

"Mzee wangu, unajua sheria yangu."

"Naijua. Na wewe wanijua. Umekula kwangu, au n'nasema uongo?"

Alinitazama. Nilimnyooshea uso. Akasema polepole, "Sawa. Kwa heshima yako." Akakisogeza kiti kidogo ukutani. Mwanangu alitoka nje ya chumba bila kuambiwa.

Nilimpakata Shamsa, uso wake ukielekea kikapu, mkono wangu wa kulia juu ya goti lake. Mpimaji alikuwa nyuma yetu na fremu yake. Mmm. Nikafinya, kipande kikaanguka. Uuu, aaa, vipande vikaanguka. Kwenye iii niligundua kwamba Shamsa hageuki wala hashtuki. Mwili wake ulikuwa unangoja vidole vyangu tu. Ningaliweza kuacha hapo. Ilipotoka shhh, nilifinya. Ilipotoka sss, ambayo hata mimi niliisikia kwa shida, nilifinya.

Kisha Mpimaji akanyamaza. Hiyo ilikuwa sehemu ya kipimo. Alisema mara nyingi kwamba kunyamaza nako ni swali. Mtoto anayebahatisha hutia kipande bila sauti. Ule ukimya ulikwenda, ukaenda. Jasho lilinitoka chini ya kofia katika chumba chenye baridi. Shamsa alishika kipande juu ya kikapu, akangoja. Nami niliukaza mkono usicheze hata kidogo. Sss. Nikafinya. Kipande kikaanguka.

Alirudia zote, akabadilisha mpangilio, akarudia tena. Shamsa hakukosa hata moja.

Nilitegemea atafurahi. Aliikumbatia fremu kifuani, akasema, "Vizuri sana, Shamsa," na Shamsa hakugeuka.

Alinikuta ukumbini, nikinywa maji. "Mzee, nikuulize kitu na usikasirike."

"Uliza."

"Ulimsaidia?"

Mwanangu alikuwa hatua tatu kutoka hapo. Shamsa alikuwa begani mwake amelala. Kulikuwa na nafasi nyingine ya kusema kweli, na hiyo sikuombwa na mtu niikatae. Nikasema, "Wallahi sikumsaidia. Sasa wanipima na mie?"

"Samahani, Mzee wangu," akasema, akarudi chumbani kwake.

Ripoti iliandikwa kwamba vifaa vinampatia mtoto sauti zote sita. Chini yake aliongeza kwa mkono wake kwamba kipimo kirudiwe mtoto akiwa amekaa peke yake. Mwanangu alimpelekea daktari, daktari akasoma juu, akasema upasuaji hauna haja kwa sasa. Watu wa kliniki waliponipigia simu turudie kipimo, nilimwambia mwanangu aseme tutapanga. Hatukupanga.

Aliyeteseka na ripoti ile alikuwa mkwe wangu, mama yake Shamsa. Mpimaji alikuwa amempa daftari la kuandika kila siku mtoto amegeukia nini: adhana, kengele ya mlango, jina lake. Kurasa zilikuwa nyeupe. Akisema, "Baba, mtoto hasikii," mwanangu alimwonyesha karatasi. Nami nilikuwa nimekaa pale pale na gazeti. Mara moja alinigeukia mimi, akasema, "Baba, wewe ulikuwepo. Alisikia kweli?" Nikamwambia alisikia. Baada ya hapo hakuniuliza tena, na daftari likaenda kwenye droo.

Miaka miwili ilipita hivyo. Mpimaji aliacha kuja siku za Ijumaa. Mke wangu alidhani kazi zimemzidi. Shamsa aliingia shule ya chekechea, akakaa kimya, akaanza kuwauma wenzake. Mkwe wangu hatimaye alimpeleka hospitali nyingine bila kutuambia, akamkalisha kwenye kiti kidogo, naye akakaa nyuma ya kioo. Shamsa alipata mmm, uuu na aaa. Zilizobaki, kikapu hakikupokea kitu. Alifanyiwa upasuaji ule ule tulioukimbia, na kichwa chake kilipona ndani ya wiki chache. Daktari alisema kifaa kipya kinafanya kazi vizuri. Akasema pia kwamba ingelikuwa bora zaidi mapema, akauliza kwa nini tulichelewa. Mkwe wangu alinitazama mimi.

Mpimaji nilimwona mara ya mwisho mwaka huu, ufukweni Qantab, asubuhi ya Ijumaa. Tulikuwa tumetandika mkeka kwenye kivuli cha mwamba. Kikundi cha Wakenya kilikuwa kinachoma nyama upande wa pili, na nilikitambua kicheko kabla sijamtambua mtu. Mke wangu akamwita. Alikuja mbio, nywele zimeanza mvi, mguu mmoja soksi ya kijani na mwingine ya bluu.

"Mzee wangu. Mama. Nimewakosa."

"Sisi ndio tumekukosa," mke wangu akasema. "Hebu nambie kheri."

"Kheri," akasema, safi kabisa, wakakumbatiana. Akatuambia safari hii kweli anaondoka, mizigo imekwishatangulia.

Kisha akamwona Shamsa, sasa ana miaka tisa, na kile kiduara cha kifaa kilichoshika nywele juu ya sikio. Akakaa. "Nimjaribu kidogo? Ni mazoea tu."

Alimpa makombe ya pwani badala ya vipande vya mbao na kikombe badala ya kikapu, akazunguka nyuma yake, akainua upindo wa leso yake mbele ya mdomo. Mmm. Kombe likaingia. Uuu, aaa, likaingia. Iii. Shhh. Zote zilikwenda, lakini niliona kitu, na yeye alikiona. Kila sauti ilipotoka, mkono wa Shamsa uliinuka mara moja, kisha ukasimama juu ya kikombe. Macho yake yakashuka kwenye mkono wangu, uliokuwa juu ya mkeka karibu na goti lake. Yakangoja kidogo. Halafu ndipo kombe likaanguka.

Niliuondoa mkono, nikauficha chini ya paja. Mpimaji akatoa sss. Shamsa aliinua kombe, akautafuta mkono wangu, asiuone. Akageuka akanitazama usoni.

"Kaisikia," mke wangu akasema, kwa furaha. "Mwanangu, kaisikia hata mie sikuisikia."

"Ameisikia, Mama," Mpimaji akasema, akaishusha leso. Hakuendelea.

Mke wangu alimchukua Shamsa wakaenda kuosha mikono majini. Tulibaki wawili.

"Tangu lini anaangalia mkono wako?"

"Tangu chumbani kwako," nikasema. "Nilimfinya goti. Kila sauti."

Aliikunja leso yake. "Kwa ule ukimya pia?"

"Kwenye ukimya niliuzuia mkono."

"Ulikuwa hodari kushinda yule bibi wa China." Alisema hivyo bila kucheka. "Nilikusimulia mwenyewe. Niliona mtu niliyemsimulia na tukacheka naye hawezi kunifanyia."

"Ulijua?"

"Nilihisi. Nikakuuliza. Ukaniapia."

"Ungalimpima tena, peke yake."

"Niliandika. Halafu nikapiga simu mara mbili, nikaacha. Ningekuja kwako nigonge mlango, na sikuja, kwa sababu nilikuwa nakuogopa, Mzee. Ningekataa pale pale kwa kiti. Hilo ni langu na nitaenda nalo nyumbani. Lako sikubebei."

"N'nakuomba radhi."

"Mimi nimesikia. Mwombe yeye." Akasimama, akakung'uta mchanga. "Na ukimwambia, kaa mbele yake. Usizibe mdomo."

Wiki ile ile nilimwita mwanangu na mkwe wangu, nikawaambia yote mbele ya Shamsa, kisha nikamwambia Shamsa mwenyewe, polepole, uso kwa uso. Mwanangu alisema kosa ni lake. Shamsa alinitazama midomo mpaka nilipomaliza, akauliza kwa maneno yake ya kukatika kama anaweza kwenda kucheza.

Kukubali kwangu siku ile ndani ya gari kulimnyima Shamsa miaka miwili ya kusikia, katika umri ambao maneno huingia yenyewe, na walimu wake wanasema hiyo haitarudi. Kulimvunja mkwe wangu imani juu ya nyumba hii. Na mimi kulininyima neno moja. Shamsa anamwita bibi yake, anamwita mama na baba yake, anamwita hata paka wa jirani. Mimi hajaniita Babu hata siku moja, na si kwamba hawezi kulitamka neno hilo. Akinitaka, huja nilipokaa, akanifinya goti.